Walinifungia sensa mpya, wakataka na kompyuta, kumbe ni waya

Naandika hasira ikiwa bado iko moto, mnivumilie.

Gari langu lilikuwa likishapata moto linazima. Halimisi, halitetemeki, linakata tu: mshale wa mizunguko unadondoka hadi sifuri huku magurudumu bado yanakimbia, usukani unakuwa mzito na pedali ya breki inakuwa ngumu. Likipoa linawaka vizuri kabisa. Siku liliponizimikia katikati ya makutano, lori likiwa nyuma yangu, nikasema basi, naenda kwenye gereji ya hawa wanaosifiwa kwa mashine ya kupima.

Mashine sina ugomvi nayo. Waliichomeka kwenye ile soketi ya pini 16 chini ya usukani, ikatoa kodi ya hitilafu, P0335. Fundi mkuu aliisoma akaniandikia hapohapo sensa ya krenkishafti, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Boneti haikufunguliwa! Nikalipa, ikafungwa, taa ya injini ikafutwa. Haukupita muda taa ikarudi, na gari likazima vilevile.

Niliporudi, wimbo ulikuwa mwingine: sasa ni sensa ya kamshafti, shafti inayofungua valvu za injini, eti hizi hufa pamoja. Nikamuuliza, mbona mashine haijaitaja kamshafti? Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mama, wewe kazi yako kuendesha. Hii tuachie sisi." Wateja wengine wamekaa pale wananitazama. Sensa ikafungwa, nikalipa tena, na gari likazima tena. Ndipo akatamka kwamba kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, ninunue nyingine na wao waiprogramu.

Hapo ndipo nilipochemka. P0335 haisemi sensa imekufa. Inasema kuna hitilafu kwenye saketi ya sensa hiyo, na ndani ya saketi kuna sensa, plagi, waya mrefu unaopita kwenye joto na mtikisiko, halafu ndiyo kompyuta. Kompyuta hushukiwa mwisho, baada ya kupima umeme unaoingia, eathi yake, na waya mmoja mmoja. Yeye alikuwa hajapima hata kimoja. Kubahatisha kwa pesa ya mteja si ufundi.

Sasa niseme haki. Pale pale kuna kijana wa umeme wa magari, na siku mkuu wake alipotoka ndiye aliyelishika gari langu. Alianza kwa kuuliza. Linazima likiwa baridi au moto? Tambarare au ukikanyaga mafuta mlimani? Hakuna aliyewahi kuniuliza hayo. Akaliacha lingurume hadi likazima lenyewe, akafungua kwenye mashine ukurasa wa data za injini, akaniambia nipige stata. Stata inazungusha, lakini kwenye skrini mizunguko ni sifuri. "Unaona mama, kompyuta haijui kama injini inazunguka. Isipojua, haitoi cheche wala haifungui nozeli za mafuta."

Akazima swichi, akachomoa plagi ya sensa na ile ya upande wa kompyuta, akaweka mita kwenye waya mmoja, ncha ya pili kwenye bodi, akaanza kuutikisa mkungu wa nyaya polepole kutoka mwanzo. Alipofika karibu na ekzozi, mita ikalia, maana yake waya unagusa chuma cha gari. Akabandua utepe: waya ulikuwa umesuguliwa na bracketi ya chuma, ganda limeisha, shaba inang'aa nje sehemu ndogo kama punje ya mchele. Ukigusa chuma, ishara ya sensa inapotea na injini inakata. Alikata sehemu mbovu, akalehemu kipande kipya, akavisha mpira unaosinyaa kwa joto, akaufunga mkungu mbali na ile bracketi. Tangu hapo gari halijazima, na nimelipandisha milima na jua kali.

Nilikuwa nimeshaamua kuwaambia watu wasikanyage pale kabisa. Lakini gari langu limeponea pale, na huyo kijana anastahili nyota tano, tena ningemwongeza zikiwepo.

Halafu nikapewa ankara. Kazi ya waya, sawa. Chini yake, "kuprogramu kompyuta". Kompyuta ipi, wakati haikuguswa? Niligoma kuondoka hadi mstari huo ukafutwa. Nikaomba sensa zangu za zamani, maana zilikuwa nzima na ni mali yangu, nikaambiwa zimetupwa. Kuhusu ile ya kamshafti, ambayo hata mashine yao haikuilaumu, jibu ni kwamba kifaa cha umeme kikishafungwa hakirudishwi.

Kwa hiyo nyota ni moja, na itabaki moja hadi nirudishiwe pesa ya sensa hiyo. Ukilazimika kwenda, muulizie kijana wa umeme kwanza. Ukiambiwa hayupo, geuza gari.