Mastodon: uzoefu wangu wa kuchagua seva, kujiunga na kuhama

Nimetumia Mastodon, mtandao wa kijamii, katika seva tatu za ukubwa tofauti, na naipa nyota nne kati ya tano. Haina matangazo, machapisho yanakuja kwa mfuatano wa saa, na hakuna mashine inayokuamulia usome nini. Nyota moja naikata kwa sababu ya mlangoni: mgeni anatakiwa achague seva kabla hajaelewa seva ni kitu gani, na akichagua vibaya hugundua akiwa tayari ana wafuasi na machapisho mia mbili.

Mastodon ni programu huria aliyoianzisha Mjerumani Eugen Rochko mwaka 2016. Haina makao makuu ambako akaunti zote zinakaa. Kuna maelfu ya seva, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti za watu, kila moja na mwenyewe, nazo huzungumza kwa itifaki (lugha ya mawasiliano ya kompyuta) inayoitwa ActivityPub, iliyopitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Januari 2018. Ni kama laini za simu: wa Vodacom humpigia wa Airtel na simu ikaita. Ndiyo maana anwani ina sehemu mbili, jina lako halafu jina la seva, yaani @jina@seva. Ukiwa seva yoyote unaweza kumfuata mtu wa seva nyingine, ili mradi hazijakatana.

Hilo la kukatana ndilo wageni wengi hawalijui. Msimamizi wa seva ana uwezo wa kupunguza seva nyingine, yaani machapisho yake yasionekane ila kwa wanaowafuata watu wake, au kuikata kabisa. Ikikatwa kabisa, kufuatana kwenu kati ya seva hizo mbili kunapotea, na wewe hukuulizwa. Gab, mtandao wa kijamii wa Marekani, ilipohamia programu ya Mastodon mwaka 2019, seva nyingi ziliikata kwa sababu ya chuki iliyokuwa ikienezwa huko. Siku hizi mjadala ni kuhusu Threads, mtandao wa Meta, kampuni inayomiliki Facebook: baadhi ya seva zinaipokea, nyingine zimeifunga. Kama ndugu zako wako Threads na unataka kuwasoma, hilo liangalie kabla ya kujisajili.

Na linaangaliwa wapi? Chukua anwani ya seva, ongeza /about mwishoni, ufungue. Huo ukurasa ndio nausoma kuanzia juu hadi chini, na mambo matatu hunitosha kuamua. La kwanza ni jina la msimamizi na akaunti yake. Naifungua akaunti hiyo nione aliandika lini mara ya mwisho. Akiwa kimya miezi minne, naondoka. La pili ni kanuni. Kanuni nzuri zinataja kitendo, mfano kutishia watu, kusambaza picha za mtu bila ridhaa, kujifanya mtu mwingine. Zikiwa ni mstari mmoja wa «tuheshimiane», siku ya ugomvi kila mtu atazisoma anavyotaka. La tatu ni orodha ya seva zilizozuiwa pamoja na sababu za kila moja. Wasimamizi wengine huificha kwa wasiojisajili, na hapo namwandikia msimamizi nimuulize. Seva isiyozuia yeyote haiko huru kama inavyojinadi: matusi yanaingia bila kizuizi, halafu seva nyingine zinaikata yenyewe.

Nafanya pia uchunguzi wa upande wa pili. Nachukua watu watatu ninaotaka kuwafuata, nafungua ukurasa huohuo wa seva zao, na kutafuta humo jina la seva ninayoifikiria. Likiwemo kwenye orodha ya waliokatwa, natafuta seva nyingine. Kazi hii haizidi dakika kumi.

Orodha rasmi iko joinmastodon.org. Seva zilizomo zimekubali masharti manne: kusimamia kwa vitendo maudhui ya ubaguzi na chuki, kuhifadhi nakala ya data kila siku, kuwa na angalau mtu mmoja zaidi mwenye funguo za dharura, na kutoa taarifa ya miezi mitatu kabla ya kufunga. Sharti la nne lina uzito kuliko linavyoonekana. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, walipoamua kuifunga seva yao ya mozilla.social, walitangaza Septemba 2024 na kuzima Desemba 17, kwa hiyo waliokuwemo walipata nafasi ya kuhama. Wa seva ya queer.af hawakuipata: Februari 2024 kikoa chao, yaani jina la anwani yao ya mtandaoni, kilisimamishwa na serikali ya Taliban, kwa kuwa .af ni mali ya Afghanistan. Kwa hiyo tazama na herufi za mwisho za anwani. Kikoa cha nchi kinachopendwa kwa sababu tu kinasomeka vizuri kinaweza kuchukuliwa na wenye nchi yao.

Pesa nazo ziangalie. Seva inalipiwa kila mwezi na picha ndizo zinazokula nafasi. Pale penye michango ya wazi, kwa mfano kupitia tovuti za Open Collective au Liberapay, unaona kinachoingia na kinachotoka. Pale ambapo mtu mmoja analipa mfukoni kwake, jiandae kwamba siku akichoka, mmechoka wote.

Ukubwa sasa. Seva kubwa kabisa ni mastodon.social, inayoendeshwa na shirika lenyewe la Mastodon. Kujiunga ni rahisi, kila kitu kinafanya kazi, ila mkondo wa ndani, yaani machapisho ya watu wa seva hiyo, unapita kasi hadi hauna faida, na barua taka nazo huifuata. Seva ya watu watano ni tatizo la namna nyingine, na wengi hudhani programu imeharibika. Seva hupokea machapisho ya watu ambao mtu fulani ndani yake anawafuata. Kama hakuna anayemfuata fulani, ukifungua wasifu wake utakuta patupu au vipande viwili vitatu, ingawa ameandika miaka mitano. Majibu chini ya chapisho yanaweza kuonekana matatu wakati kule kwake ni arobaini. Ukitafuta alama ya reli (#) unapata tu kile ambacho seva yako imekwisha kukipokea. Dawa ni kufungua chapisho kwenye seva ya mwenyewe, au kufuata watu wengi mapema ili seva ianze kupokea. Mimi napendekeza seva ya watu mia kadhaa hadi elfu chache, yenye wasimamizi wawili au zaidi.

Lugha ndipo sisi tunaoandika Kiswahili tunapokwama zaidi. Zipo seva zinazotaka machapisho ya hadhara yawe ya Kiingereza au Kijerumani, kwa sababu msimamizi hawezi kusimamia asichokisoma. Soma kanuni. Halafu ukishaingia, nenda kwenye mapendeleo, weka Kiswahili kuwa lugha ya kuandikia. Usipofanya hivyo, chapisho lako la Kiswahili linaweza kutoka na lebo ya Kiingereza: aliyechuja mikondo ya hadhara ibakize Kiswahili hatakuona, na kitufe cha kutafsiri kitapotea au kitatafsiri vibaya. Kwenye kisanduku cha kuandikia kuna kitufe kidogo cha lugha. Kibonyeze, andika «sw», chagua, na ukitazame kila unapobadilisha lugha.

Kuripoti tusi la Kiswahili kunahitaji kazi ya ziada. Msimamizi aliyeko Ulaya akipokea ripoti yenye neno asilolijua, ataliacha likae. Kwenye kisanduku cha maelezo namwekea tafsiri ya neno na mstari mmoja wa kwa nini ni tusi kwetu, kwa lugha anayoisoma. Kama mkosaji yuko seva nyingine, washa pia chaguo la kupeleka nakala kwenye seva yake, maana msimamizi wa huko ndiye anayeweza kumfungia.

Kujisajili kwenyewe ni kufupi. Jina la akaunti huchukua herufi za Kilatini, tarakimu na mstari wa chini, lisizidi herufi 30, na halibadiliki tena, ila jina la kuonekana unaweza kulibadili kila siku. Seva nyingi nzuri hutaka uombe idhini, hasa baada ya wimbi la barua taka la Februari 2024 lililopitia seva ndogo zilizoacha mlango wazi. Kwenye sababu ya kujiunga usiandike «nataka kujiunga», kwani wenye barua taka ndivyo wanavyoandika. Sentensi mbili zinatosha: unashughulika na nini, utaandika kuhusu nini na kwa lugha gani. Jibu linaweza kuchukua saa chache au siku kadhaa, na barua pepe ya uthibitisho mara nyingi hutua kwenye folda ya taka. Ukiingia, washa uthibitisho wa hatua mbili siku hiyohiyo.

Jambo moja la kuogopa: ujumbe wa faragha haufumbwi mwisho hadi mwisho kama wa WhatsApp. Msimamizi wa seva yako na wa seva ya mwenzako wanaweza kuusoma wakitaka. Na ukimtaja mtu wa tatu kwa anwani yake kamili ndani ya ujumbe huo, naye anaupokea. Watu wamemsengenya mtu namna hiyo, naye akasoma yote. Namba za benki, picha za vitambulisho na siri za nyumbani zisipite humo.

Kwa wanaonunua bando la siku: mkondo wa jumla, unaokusanya kila kinachofika kwenye seva, hula data nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kwenye Android natumia programu ya Tusky, nimezima upakuaji wa picha za awali, na picha naifungua nikiitaka.

Kuhama kunawezekana, na hapo Mastodon inazishinda huduma zote kubwa. Tofauti na laini ya simu, ambako unaweza kubaki na namba yako, hapa anwani inabadilika, ila wafuasi wanakuja. Utaratibu una mpangilio wake na ukiuruka unagoma. Anza seva ya zamani: shusha faili za CSV (majedwali ya maandishi) za unaowafuata, orodha, uliowazuia, uliowanyamazisha na alamisho. Omba pia kumbukumbu ya machapisho, ambayo huruhusiwa mara moja kila siku saba. Nenda akaunti mpya, weka picha na maelezo, kisha kwenye mipangilio ya akaunti tangaza kwamba unatoka akaunti nyingine na uandike anwani ya zamani kamili. Ukiwa umewasha idhini ya wafuasi, izime kwanza, la sivyo mamia watapanga foleni wakingoja uwakubali mmoja mmoja. Rudi akaunti ya zamani, chagua kuhamia akaunti nyingine, andika anwani mpya na nywila. Wafuasi huanza kuingia polepole, wengine baada ya saa nyingi. Mwisho pakia zile CSV kwenye akaunti mpya, ukichagua kuunganisha badala ya kufuta zilizopo.

Machapisho hayahami. Kumbukumbu uliyoshusha ni ya kujisomea, Mastodon haiipokei tena. Kuhama tena hutaruhusiwa hadi siku 30 zipite. Na yote haya yanahitaji seva ya zamani iwe hai, kwani ikishazimika hakuna wa kuwaambia wafuasi umeenda wapi. Kwa sababu hiyo nashusha CSV kila mwanzo wa mwezi hata seva ikiwa salama: wafuasi siwezi kuwahifadhi, ila ninaowafuata naweza kuwarudisha kwa faili moja.

Akaunti ya zamani usiifute. Ikibaki, anayefungua kiungo cha zamani anaona uko wapi sasa. Ukiifuta, maelekezo hayo yanapotea pamoja na machapisho yote, na jina lile hutaweza kulisajili tena kwenye seva hiyo.