Maikrowevu ya lita 25 jikoni kwetu: miezi mitatu ya kupasha viporo

Nyumbani kwetu Tabata tunakula watu saba, lakini ni Jumapili tu tunapokula pamoja. Watoto wanarudi kutoka shule saa kumi jioni, mdogo wangu anaingia saa mbili usiku akiwa amechoshwa na foleni ya Barabara ya Mandela, na mume wangu, kwa kuwa anafanya kazi ya zamu, hufika wakati wowote. Kwa miaka mingi tuliwasha jiko la gesi mara nne kwa mchuzi uleule, na kila mara palibaki sufuria ya kuosha. Ndiyo sababu mwezi wa kwanza tulitoa shilingi 290,000 Kariakoo tukanunua maikrowevu ya lita 25, ambayo muuzaji aliisifu kuwa ni ya familia.

Hizo lita, kwa maoni yangu, hazimsaidii sana mnunuzi. Kinachofaa kupimwa ni ile sahani ya kioo inayozunguka ndani, ambayo kwetu ina kipenyo cha sentimita 27. Bakuli letu refu la pilau liliingia bila shida na mlango ukafungika, lakini lilipoanza kuzunguka pembe zake zikagonga kuta, sahani ikakwama, na pilau likatoka upande mmoja likifuka moshi, upande wa pili likiwa baridi kama lilivyotoka kwenye friji. Ningekuwa nanunua leo, ningekwenda dukani na bakuli langu mkononi.

Hofu yangu kubwa ilikuwa umeme. Mbele ya mashine pameandikwa wati 800, lakini kibandiko cha nyuma kinaonyesha kuwa inavuta wati 1,250, kwa maana namba ya mbele ni ya nguvu inayofika kwenye chakula na ile ya nyuma ndiyo inayolipiwa. Kwa hiyo haifai kuichomeka kwenye waya wa kuunganishia pamoja na friji na pasi. Yetu ina soketi yake ukutani. Nilisoma mita ya LUKU kabla na baada ya kuiwasha dakika tano mfululizo, na ilikuwa imekula takriban sehemu moja ya kumi ya uniti. Kwa kuwa shilingi 1,000 hutupatia uniti 2.8 hivi, hesabu inakuja kama shilingi 36. Kikombe cha maji ya chai huchukua dakika mbili tu.

Kuhusu chakula chenyewe, siri yote iko kwenye maji, kwa sababu mawimbi ya mashine hii huchangamsha zaidi maji yaliyomo ndani ya chakula. Maharage, mchicha na rosti hutoka vizuri kabisa, mradi zifunikwe, maana maharage huruka na kuchafua dari ya mashine. Wali kiporo ukinyunyiziwa maji kijiko kimoja na kufunikwa hurudi kuwa laini kama umeepuliwa sasa hivi, na hapo ndipo mashine hii iliponishinda maneno. Mchuzi wa nazi nauweka kwenye nguvu ya nusu na kuukoroga katikati. Kwa nguvu yote tui lilikatika siku ya kwanza. Ugali lazima ukatwe vipande, kwani mawimbi hayo huingia sentimita chache tu na kiini cha bonge hubaki kimepoa. Chapati ni habari nyingine: sekunde 20 ndani ya kitambaa chenye unyevu ni tamu, lakini ukiiacha mezani huku ukipokea simu, utakuta ngozi ya kiatu. Vitu vya kukaanga sivijaribu tena, kwa sababu sambusa zilitoka zimelegea kama zimepikwa kwa mvuke.

Kosa moja lilikuwa langu mwenyewe. Nilipasha samaki kwenye sahani ya seti niliyozawadiwa harusini, yenye mstari mwembamba wa dhahabu ukingoni, na kabla ya sekunde tano cheche za buluu zilianza kukimbia zikifuata ule mstari pande zote kwa mlio wa kutatarika. Nilichomoa waya ukutani huku mkono ukitetemeka. Mashine haikudhurika, ila sehemu ya mstari imebaki nyeusi, na mama mkwe, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mchele, alisema tu, “Mwanangu, mimi nipashie changu kwenye mkaa.” Tangu hapo sahani hizo ziko kabatini, na jikoni tumebakiza za udongo na bakuli za kioo zisizo na urembo.

Lawama yangu iliyobaki ni mlio. Kazi ikiisha mashine hulia mara tano kwa sauti kali, na nimekisoma kitabu chake chote bila kuona namna ya kuizima. Mchana si neno, lakini wakati wa Ramadhani, tulipokuwa tunapasha daku saa kumi alfajiri, ilimwamsha mtoto mchanga kila siku kwa wiki nzima, hadi tulipojifunza kusimama mbele yake na kuufungua mlango ikiwa imebaki sekunde moja.