Fundi aliyeweka bakuli la urojo juu ya amplifaya yangu

Naanza na urojo, kwa sababu hasira zangu zote zimeanzia hapo.

Mie nakodisha muziki. Harusi, rusha roho, mara mojamoja maulidi ya mtaani. Amplifaya yangu ni ya zamani, nzito kama gunia la mbata, kaniachia marehemu mume wangu, na ndiyo inayotulisha nyumbani. Siku za karibuni ikaanza kuvuma. Mmmm, mfululizo, hata sauti ukiishusha mpaka mwisho. Upande wa kushoto nao unakwaruza kila ukigusa kitufe cha sauti. Nikaipakia kwenye bajaji mpaka kwa fundi mmoja, vichochoro vya Darajani hapa Unguja, ambaye nimesifiwa na watu si mmoja si wawili. Kachukua elfu kumi, ati "ya kuangalia".

Njoo kesho. Njoo Jumatatu. Njoo baada ya Ijumaa. Wiki tatu hizo, na mie harusi mbili zimenipita.

Siku niliyokwenda bila kuitwa, naikuta amplifaya pale pale nilipoiweka, vumbi lile lile, na juu yake bakuli la urojo. Limejaa, kachori na bajia zinaelea, na fundi kainama anakula kama yuko mezani kwao. Kila akinyanyua kijiko, tone linadondoka kwenye mfuniko.

Nikamwambia, "Mwanangu, hicho ni chombo cha watu."

Hakuinua hata macho. "Bi Mkubwa, chombo chenyewe kishakufa. Niachie nitoe spea, nikupe elfu thelathini."

"Umekifungua?"

"Sina haja. Mashine za rusha roho nazijua. Na hivi vitu, mama, si sufuria."

Kijana wake akacheka. Si sufuria! Mie nimefunga spika kwenye harusi za watu, yeye bado anakimbiza tairi barabarani. Nikabeba chombo changu mwenyewe, mgongo unaniuma, sikumuaga.

Nyumbani tukaifungua mie na mtoto wa kaka yangu, yeye kashika simu anatazama video, mie nimeshika bisibisi. Ndani mende wamekufa kwa ukoo, vumbi limegandamana kwa unyevu, na miguu ya nyaya imeota kutu ya kijani. Kisiwani kwetu chumvi haichagui, inakula hata kilichofungiwa ndani. Nikaona transista mbili, zile zinazokuza sauti, zinang'aa kuliko wenzake. Hapo hapo nikapiga kelele: kanichomolea vifaa, mwizi mkubwa! Nikasahau kwamba dakika tano nyuma nilikuwa nalalamika kuwa hakuifungua.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hauhitaji miwani. Kapasita mbili kubwa, zile zinazotuliza umeme baada ya transfoma, vichwa vimevimba kama vitumbua. Zikichoka hizo, mvumo wa umeme unapita moja kwa moja mpaka kwenye spika. Nikaigusa moja kwa bisibisi. Cheche! Mkono ukafa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Plagi tulikuwa tushaichomoa, lakini tuliiwasha kidogo kabla ya kufungua, na kapasita kama hizo hubaki na umeme wake tumboni. Niliketi chini nikasoma kila dua niijuayo.

Hofu ilipotoka, hasira ikarudi. Tukanunua kapasita mpya. Za zamani zimeandikwa volti 50, muuzaji katupa za 35, kanambia ni hizo hizo maadamu mikrofaradi, yaani ujazo wake wa umeme, zinalingana. Tukaangalia ule mstari wa upande wa hasi usije ukakosewa, tukaunga kwa risasi taratibu. Kitufe cha sauti nikakitia mafuta ya cherahani. Jumla haikufika elfu ishirini.

Tukawasha. Kimya! Kimya kizuri, halafu fidla ya taarabu ikaingia, safi kama maji ya kisima. Jirani akatoka barazani akapiga kigelegele. Nikaapa: mie na mafundi basi, kila mtu anunue bisibisi yake.

Haikufika nusu mwezi. Harusi Jang'ombe, usiku umekomaa, mama wa bibi harusi ndiyo kwanza anainuka kwenda kutunza, noti kaishika juu. Pu! Muziki ukakatika, na harufu ya dagaa waliooza ikatanda ukumbini. Kapasita imepasuka. Wanawake wakashika pua zao wakinitazama mie, kama mie ndiye ninayenuka. Nusu ya pesa za watu nikairudisha usiku ule ule.

Yule mtoto wa kaka yangu, bila kuniuliza, kaipeleka kwa nani? Kwa yule yule wa urojo. Ningelijua ningelimzuia mlangoni.

Safari hii kaifungua siku ile ile. Kapima: kila kapasita inapelekewa volti 42, sisi tumeweka za 35, na usiku sana watu wakizima vitu vyao umeme hupanda zaidi. Kaweka za 63. Yale mafuta yangu kayasafisha kwa dawa yake ya kupuliza, kasema yanakamata vumbi tu. Kabla ya kuwasha, kaunga globu ya zamani ya uzi, wati 60, katikati ya umeme na amplifaya, akamwonyesha mtoto: ikiwaka kwa nguvu moja kwa moja, ndani kuna shoti, ikimulika mara moja kisha ikafifia, washa bila wasiwasi. Zile transista nazo, kasema zilibadilishwa miaka mingi nyuma. Hapo nikakumbuka. Umeme uliporudi Machi 2010, baada ya ile miezi mitatu ya kiza tuliyokaa Unguja nzima, marehemu ndiye aliyeipeleka kutengenezwa. Mie nimemwita mtu mwizi bure.

Na pesa? Hakutaka. Kasema anahesabu zile elfu kumi za mwanzo. Kisha salamu: "Mwambie shangazi yako kaunga vizuri kuliko kijana wangu, ila asome volti."

Sijui nicheke au nikasirike. Nilikusudia kumpa nyota moja. Sasa kazi yake ni tano, wallahi, siwezi kusema uongo, lakini mdomo wake sufuri, na ile duara ya manjano iko pale pale juu ya mfuniko. Nimeisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jivu. Bizari haitoki.

Mtoto wa kaka yangu anataka kwenda kujifunza kazi kwake. Nimemwambia aende, ila urojo wakale barazani.