Tiketi za Treni za Uswisi: Ipi Ununue, na Mlimani Itakuacha Kituo Gani

Malalamiko yanayonifikia kuhusu likizo za Uswisi hayahusu baridi wala bei ya chakula, bali tiketi ya treni. Msomaji mmoja wa Mwanza, aliyempeleka mkewe huko kusherehekea miaka yao ya ndoa, alinunua Swiss Travel Pass ya siku 3, yaani tiketi ya jumla ya treni, mabasi na meli za nchi nzima, baada ya wakala kumhakikishia kwamba ingewapandisha popote. Walifika Grindelwald asubuhi yenye jua safi, akaonyesha simu yake dirishani, na karani akamgeuzia skrini ili ajionee kiasi alichotakiwa kuongeza kufika Jungfraujoch, kituo cha reli kilicho juu mlimani: zaidi ya faranga 100 kwa kila mtu. Alilipa, kwa sababu mtu aliyesafiri kutoka Mwanza hadi chini ya mlima ule hana moyo wa kugeuza. Barua za aina hiyo zimekuwa nyingi, na zote zinaelekeza kwenye dosari moja ambayo wauzaji hawapendi kuitaja.

Kwa hiyo sitalinganisha hapa daraja la kwanza na la pili, maana daraja la pili la treni za Uswisi ni safi, lina nafasi, na mlima unaoonekana dirishani ni uleule. Wala sitazungumzia treni kufika kwa wakati, jambo ambalo kila muuza tiketi ameshaliimba vya kutosha. Ninachotaka mnunuzi aulize kabla ya kutoa pesa ni hiki: tiketi hii inaishia kituo gani ninapoanza kupanda mlima, na kuanzia hapo nadaiwa kiasi gani?

Mpaka huo una sababu yake. Treni za bondeni, mabasi ya njano ya posta na meli za maziwani zimo katika mfumo mmoja wa tiketi wa nchi nzima, lakini reli nyingi za vileleni ni za kampuni zinazojitegemea, na kila kampuni hujiamulia itampunguzia kiasi gani mwenye tiketi ya jumla. Reli ya Jungfrau, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1896 na kukamilika mwaka 1912 kwa kutoboa miamba ya Eiger na Mönch hadi kituo kilicho mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, humpunguzia mwenye Swiss Travel Pass asilimia 25 tu, na hesabu hiyo huanzia Grindelwald au Wengen, ambako safari ya bure hukoma. Gornergrat, kilele cha mita 3,089 kinachotazamana na Matterhorn, ni nusu bei kuanzia Zermatt. Pilatus, yenye reli ya meno (treni hupanda kwa magurudumu yenye meno) ambayo mwinuko wake wa asilimia 48 ni mkali kuliko wa reli zote za aina hiyo duniani, nayo ni nusu bei. Titlis ni nusu kuanzia Engelberg, na Schilthorn ni bure hadi Mürren kisha nusu. Rigi, Stanserhorn na Stoos hukufikisha juu bila kukudai chochote, na ajabu ni kwamba hizo ndizo ambazo mawakala wetu huzitaja kwa nadra.

Hakuna siri katika haya yote, kwani yamechorwa kwenye ramani rasmi ya matumizi ya tiketi hiyo, ambayo mtu yeyote huipata mtandaoni bila malipo. Mistari mizima ni njia ambazo huongezi kitu, na mistari iliyokatikakatika ni njia za punguzo. Ukiikuza ramani kwenye simu na kufuata njia kwa kidole kuanzia Interlaken Ost, utauona mstari mzima ukielekea Grindelwald upande mmoja na Wengen upande wa pili, kisha ukianza kukatika kabla ya kufika Kleine Scheidegg. Mteja aliyeonyeshwa sentimita chache hizo za ramani hawezi kushangaa dirishani. Mteja aliyetumiwa picha ya treni nyekundu iliyozungukwa na theluji, pamoja na bei kwa dola, atashangaa.

Nikizipanga tiketi kwa swali lile, nafasi ya kwanza naipa Swiss Half Fare Card, na sifichi kwamba naipendelea. Kadi hii hutumika kwa mwezi mmoja na hukata nusu ya nauli katika treni, mabasi, meli na reli nyingi sana za milimani, Jungfraujoch ikiwemo. Hapo ndipo penye kichekesho cha mfumo wenyewe: kadi ya bei ndogo hupata asilimia 50 mahali ambapo tiketi ya bei kubwa hupata 25. Nauli kamili ya kwenda na kurudi kati ya Interlaken na Jungfraujoch inazidi faranga 200, kwa hiyo safari hiyo moja hukuokolea zaidi ya faranga 100, na kadi yenyewe kwa miaka mingi iliuzwa kwa faranga 120. Bei ya sasa itazame kwenye tovuti ya SBB, shirika la reli la taifa, kwa sababu ratiba mpya ya treni huanza kila Desemba na mara nyingine bei hubadilika pamoja nayo.

Faida yake nyingine ni kwamba haikuharakishi. Vilele vya Alps hufunikwa na mawingu hata katikati ya kiangazi, na aliyepanda Jungfraujoch siku ya ukungu huona weupe mtupu kwa zaidi ya faranga 100. Kampuni za milimani huweka kamera zinazoonyesha hali ya juu moja kwa moja, nawe mwenye Half Fare Card unaweza kuitazama picha hiyo wakati wa kifungua kinywa, ukiona kumefunga ukaahirisha hadi kesho bila kupoteza kitu, mradi hujalipia safari yenyewe mapema. Usumbufu wake ni kwamba lazima ununue tiketi kwa kila safari, lakini programu ya SBB hulifanya jambo hilo kwa dakika moja, na anayeona dakika hiyo ni kazi nzito anaweza kuendelea kulipia starehe ya kutokuinunua.

Nafasi ya pili ni Tell-Pass, lakini kwa anayekaa Luzern tu na kuzunguka ziwa lake. Katika kigezo changu tiketi hii ndiyo yenye nia njema kuliko zote, kwa maana hukupandisha Rigi, Pilatus, Titlis na Stanserhorn hadi juu kabisa, na meli za Ziwa Luzern zimo ndani. Bei ya majira ya baridi ni ndogo kuliko ya kiangazi. Haikutoi uwanja wa ndege wa Zürich, kwa hiyo safari ya kufika Luzern utailipia kando, na ukitaka pia kuiona Zermatt au Geneva haitakusaidia.

Swiss Travel Pass, inayouzwa kwa wageni wasioishi Uswisi wala Liechtenstein pekee, naiweka ya tatu. Si tiketi mbaya. Ni tiketi inayouzwa kwa watu isiowafaa. Bei ya siku 3 daraja la pili inazidi faranga 240, yaani takriban faranga 80 kwa siku, na ni shida kutumia nauli ya kiasi hicho kila siku ikiwa umelala mji mmoja na unachotaka ni kilele kimoja. Ya siku 15 inazidi faranga 450, yaani faranga 30 na kitu kwa siku, na hapo hesabu hugeuka kabisa. Msafiri anayehama kila baada ya siku mbili, anayeingia makumbusho (zaidi ya 500 zimo ndani yake) na anayependa meli, atarudisha pesa yake na chenji. Siku ninayomshauri kila mwenye tiketi hii asiikose ni ya Rigi: upande meli Luzern hadi Vitznau kwa muda wa saa moja hivi, upande reli ya meno iliyofunguliwa mwaka 1871 na kuwa ya kwanza ya aina yake Ulaya, ukae Rigi Kulm hadi utosheke kuyatazama maziwa chini yako, kisha uteremke kwa upande wa pili hadi Arth-Goldau na kurudi kwa treni, bila kufungua pochi hata mara moja.

Tahadhari moja ihusu tarehe. Siku za Swiss Travel Pass hufuatana na huhesabiwa kwa kalenda, si kwa saa 24. Ukitua Zürich jioni na kuitumia kufika hotelini, umekwisha kuila siku nzima kwa safari fupi. Ipo aina ya Flex, ambayo hukuruhusu kuchagua siku zako ndani ya mwezi mmoja, nayo ni ghali zaidi; anayeihitaji kwa kawaida angefaa zaidi kununua Half Fare Card.

Saver Day Pass ni ya nne. Hii ni tiketi ya siku moja ya nchi nzima, ambayo bei yake huwa ndogo ukiiwahi mapema na hupanda kadiri siku inavyokaribia. Inamfaa mwenye safari ndefu yenye tarehe isiyobadilika, hasa akiwa tayari na Half Fare Card, ambayo huishusha bei yake zaidi. Sharti la tarehe ndilo linaloirudisha nyuma, kwa sababu mvua haisomi tiketi. Zilizobaki nazipitia kwa haraka: tiketi za punguzo za treni moja mahususi ni nafuu lakini ukiikosa treni hiyo umepoteza, na mabasi ya masafa marefu yanafaa kukutoa Milano au München, si kutalii.

Wenye watoto wasome aya hii kabla ya kumlipa mtu yeyote. Mtoto chini ya miaka 6 husafiri bure na mzazi. Wa miaka 6 hadi 15 anapofuatana na mzazi mwenye Swiss Travel Pass au Half Fare Card hupewa Swiss Family Card bila malipo, naye husafiri bure, lakini kadi hiyo lazima iombwe wakati wa kununua. Mama mmoja wa Mombasa alitozwa na wakala nauli ya watoto wawili waliostahili kadi hiyo, na alipouliza akajibiwa kwamba huo ndio utaratibu wa Uswisi. Utaratibu huo haupo Uswisi. Upo kwenye ofisi ya wakala huyo. Wapo pia wanaotoza ada ya kuhifadhi kiti katika treni ya kawaida kati ya Zürich na Luzern, ilhali treni hizo mtu hupanda na kukaa anapopenda. Wapo wanaodai kwamba viza haitolewi bila tiketi ya treni. Ubalozi hukuomba ratiba ya safari, uthibitisho wa malazi na bima ya afya ya angalau euro 30,000, na ada ya viza ya Schengen, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hairudishwi ukinyimwa. Kumfanya mtu aongeze juu ya hasara hiyo tiketi ya faranga mia kadhaa kabla hajapata jibu ni unyang'anyi uliovaa tai. Tiketi hizi hununuliwa kwa dakika chache kwenye simu, kwa bei rasmi, hata ukiwa umeshafika uwanja wa ndege wa Zürich.

Ada halisi za kiti zipo, nazo pia hazimo ndani ya tiketi yoyote kati ya hizi. Glacier Express, inayotambaa kwa takriban saa 8 kutoka Zermatt hadi St. Moritz ikipita madaraja 291, humlazimu kila abiria kulipia kiti, na Bernina Express ni vivyo hivyo. Kwa Bernina sioni sababu ya kulipa. Treni za kawaida za mkoa hupita reli ileile, juu ya daraja la Landwasser lenye kimo cha mita 65, kupitia Ospizio Bernina kwenye mita 2,253, na kushuka kwenye daraja la mviringo la Brusio, bila ada ya kiti. Itabidi tu ubadilishe treni njiani. Baadhi ya mabehewa yake yana madirisha ya kushushwa, kwa hiyo picha zako hazitakuwa na kivuli cha kioo. Mwisho wa reli, Tirano, ni ardhi ya Italia, lakini viza ni ileile ya Schengen na tiketi ya jumla hufika hadi hapo, kwa hiyo chukua pasipoti, kula chakula cha mchana kwa bei ya Italia, na urudi na treni ya alasiri.