Dripu ya vitamini C kwa mgonjwa wa sepsisi, yaliyomkuta mama
Mama alianza na UTI ya kawaida tu, tukajua vidonge vitaimaliza, siku ya tatu akawa anaongea vitu havieleweki, presha iko chini, mkojo hautoki, kufika ICU tukaambiwa ni sepsisi kali, yaani mwili unapambana na maambukizi mpaka viungo vyake vyenyewe vinaanza kugoma. Antibayotiki za mshipa zilianza saa ile ile, na maji, na dawa ya kupandisha presha. Kesho yake daktari akasema tuongeze vitamini C gramu 1.5 kila baada ya saa 6 pamoja na vitamini B1 na haidrokotisoni (dawa ya steroidi), siku 4. Nikamwambia weka tu daktari, vitamini imdhuru nani?

Kumbe bwana. Usiku wa pili wakampima sukari ya kidole, kale kamashine kakasoma 19, na mama hajawahi kuwa na kisukari. Insulini ishavutwa kwenye sindano, nesi mmoja mtu mzima akasema hebu damu iende maabara kwanza, majibu yakarudi 6, ya kawaida tu! Vitamini C ikijaa kwenye damu kuna vipimo vya kidole vinaisoma kama sukari, sasa wangemchoma ile insulini sukari yake ya kweli ingeporomoka na yeye hata fahamu hana, nani angejua? Hakuna aliyekuwa amenitajia hilo kabla, mpaka leo nikikumbuka nasisimka.

Alipona, alhamdulillah, na ndugu wote wanasema ni vitamini. Mimi nikaingia kusoma. Umaarufu ulianza 2017, daktari Paul Marik wa Marekani alitoa matokeo ya wagonjwa 47 waliopewa mchanganyiko huo, wakafa asilimia 8.5, akawalinganisha na 47 waliotibiwa kabla yao bila hiyo kitu, wakafa asilimia 40.4. Namba za kukutoa machozi, ila wale ni watu wa vipindi tofauti, hakuna aliyepangwa kwa kura nani apewe nani asipewe. Walipoanza kupanga kwa kura muujiza ukayeyuka, na utafiti wa LOVIT wa 2022, wagonjwa 872, vitamini C peke yake kwa dozi kubwa zaidi, ndo ukanimaliza: waliokufa au viungo kuendelea kugoma hadi siku ya 28 walikuwa asilimia 44.5, wasiopewa 38.5.

Kwa hiyo mimi shukrani napeleka kwa antibayotiki zilizowahi. Dripu yenyewe naipa nyota 1, na yule nesi 5.