Karakana ya kuosha vipande vya injini, eneo la viwanda Nakuru: tathmini kwa wenye injini za rotari

Mazda RX-8, yenye injini ya rotari ambamo rota ya pembe tatu huzunguka mahali pa pistoni, si gari linaloonekana kila siku katika barabara za Nakuru, na fundi aliyezoea injini za pistoni hukwama mapema anapoifungua injini yake, hata kabla ya kuulizia bei ya sili mpya (vipande vyembamba vinavyoziba mianya kando ya rota), kwa kuwa hajui vipande vile vioshwe kwa dawa gani wala visuguliwe kwa kitu gani. Niliipeleka injini yangu, iliyokuwa imeanza kugoma kuwaka ikiwa moto, katika karakana moja ya eneo la viwanda inayoosha vipande kwa niaba ya mafundi wengine. Kazi niliyoiona pale inastahili kujulikana na kila mwenye gari la aina hii, kuanzia hapa hadi Kisumu.

Niliwaamini tangu kwenye meza ya kupokelea mizigo. Fundi mkuu alichukua sumaku, akaigusisha upande wa ndani wa nyumba ya rota, yaani ganda ambamo rota huzunguka, ikanata. Akaigusisha upande wa nje, ikaanguka. Nyumba hiyo ni ya alumini, lakini ndani yake mna bati la chuma lililopakwa kromu ngumu, ambamo sili za ncha, zilizo kwenye ncha tatu za rota, huteleza, kwa hiyo anayepima ndani peke yake huamini kwamba kipande kizima ni chuma na kukitumbukiza katika tangi la kostiki soda ya moto. Kostiki soda huondoa grisi na mafuta yaliyoganda bila kukidhuru chuma, ila alumini huila huku ikitoa gesi ya haidrojeni, na kipande hutoka kimepauka, kimechimbika vitundu, na nyuso zake za kuzuia maji na mafuta zimeharibika. Jirani yangu alirudishiwa nyumba mbili za namna hiyo kutoka karakana nyingine, na hazikufaa tena kwa lolote isipokuwa kuuzwa chuma chakavu.

Hapa vipande viligawanywa kabla ya kuloweshwa. Bamba tatu za ubavuni, zinazofunika pande za nyumba za rota na ambazo ni za chuma cha kalibu, ziliingia kwenye tangi la moto baada ya mipira yote ya zamani ya kuzuia maji kutolewa, nayo mifereji ya mipira hiyo ikapitiwa kwa kijiti cha mbao ili isikwaruzwe, kwa maana mkwaruzo mmoja hapo waweza kuyapitisha maji ya rejeta hadi kwenye chumba cha mwako. Nyumba za alumini zilioshwa kwa sabuni isiyo kali, maji ya uvuguvugu na brashi ya plastiki. Shafti ilisafishwa kwa mafuta ya taa, kisha kila tundu la mafuta likapulizwa kwa kompresa, nao wakakumbuka kuzitoa kwanza zile vali ndogo za mafuta zilizomo ndani yake, ambazo mafundi wengi huzisahau.

Rota zenyewe ndizo zilizochukua muda, na ndipo ujuzi wa watu hawa ulipodhihirika. Injini ya rotari huchoma mafuta kidogo kwa makusudi, kwa sababu pampu maalumu huyanyunyiza katika chumba cha mwako ili kulainisha sili, na masalia yake huganda kuwa kaboni ngumu. Katika injini ya RX-8 matundu ya moshi yako kwenye bamba za ubavuni, tofauti na RX-7, gari la rotari la Mazda lililoitangulia, na kwa hiyo moshi wote hupita kando ya sili za ubavu, zilizo kwenye nyuso za pembeni za rota, ambazo hukwama mwanzo katika mifereji yake. Sili iliyokwama haisukumwi na springi yake, mgandamizo hupungua, na injini ikishapata moto haiwaki tena kwa urahisi.

Kaboni ile ililainishwa kwa kulowekwa katika dawa ya kusafishia kabureta, kisha ikakwanguliwa kwa mkono. Kwa mifereji ya ncha, kijana mmoja alivunja sili ya zamani, akautumia upande wake wenye kona kali kama kisu, kwa kuwa upana wake unalingana na mfereji na hauwezi kuupanua. Alikuwa akivuta mara mbili tatu, anafuta, anaingiza sili nzima na kuisikiliza ikishuka kwa uzito wake yenyewe, kisha anaendelea. Nilipouliza kwa nini wasipige mchanga wa kompresa, kazi ambayo ingekwisha kwa dakika chache, nilijibiwa kwamba rota ina uwazi ndani, ambamo mafuta ya injini hupita kuipoza, na punje zikiingia humo zitatoka siku injini itakapowaka na kuishia kwenye beringi. Jibu hilo ni sahihi kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo walizikataa pedi za kusugulia zenye unga wa msasa, na rota hazikuingizwa katika kostiki soda, maana beringi zake zina tabaka laini lisiloivumilia.

Sili ziliwekwa kwenye trei zenye vyumba vilivyoandikwa namba ya rota na mahali ilipotoka kila moja. Hilo si pambo, kwani nafasi kati ya mwisho wa sili ya ubavu na sili ya pembe, ile ndogo ya mviringo inayokaa kwenye pembe ya rota, hutakiwa iwe takriban milimita 0.05 hadi 0.15, na kila sili huchakaa kwa kufuata mfereji wake.

Nina malalamiko mawili. Sehemu yao ya kukaushia iko uani, haina ukuta wa kuzuia upepo, na vumbi la Nakuru wakati wa kiangazi halihitaji maelezo. Vipande vilivyokwisha kuoshwa vyema havipaswi kukaa hapo hata kwa saa moja. La pili ni kwamba chuma cha kalibu kikitoka kwenye maji moto huanza kushika kutu mara moja, na wao hupaka mafuta baada ya kuosha fungu zima badala ya kipande kimoja kimoja, hivyo bamba moja ilikuwa na rangi ya kahawia ukingoni, ingawa ilifutika bila kuacha alama.

Nililipa shilingi 9,000 kwa injini nzima ya rota mbili, na kwa kazi ya mikono ya kiasi hicho naiona bei hiyo kuwa ya haki. Ukienda, chukua mafuta safi ya injini, mifuko mizito ya plastiki na vitambaa visivyotoa nyuzi, uombe ruhusa ya kupaka mafuta na kufunga kila kipande mwenyewe kinapotoka kompresani, hawakatai.