Jumba la Mtwana: magofu ya kutembelewa kwa utulivu

Kwa mkaazi wa Mombasa anayetaka watoto wake waijue historia ya pwani, ninapendekeza Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa kale wa Waswahili, hata kabla ya Fort Jesus. Matatu za Mtwapa humfikisha mtu karibu, kisha hubaki mwendo wa kuelekea ufukweni, ambako mibuyu imesimama kati ya kuta za matumbawe.

Mji huu ulistawi katika karne ya 14 na ukahamwa katika karne iliyofuata, wala hakuna maandishi ya enzi hizo yanayoueleza. Kwa hiyo mengi tunayoyajua yametoka ardhini, hasa katika uchimbaji alioufanya mwanaakiolojia James Kirkman mwaka 1972, na vigae vya vyombo vya China ni miongoni mwa vitu vilivyosaidia kukadiria umri wa majengo.

Msikiti ulio kando ya bahari usipitwe haraka. Birika la kutawadhia, mawe ya kusugulia miguu kabla ya kuingia, dalili za chumba cha wanawake, na kaburi la jirani lenye aya inayokumbusha kwamba kila nafsi itaonja mauti, vyote vinamwonyesha Mswahili wa leo watu ambao ibada na desturi zao anazitambua bila kuelezwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba magofu ni ya watalii.

Faida kwa majirani pia ni kubwa. Kwa kuwa eneo limehifadhiwa kisheria, miti na ufuko vimesalimika katika sehemu ambayo viwanja vya baharini vinawaniwa sana. Hata hivyo, naamini Jumba lingeweza kuwafaa wenyeji zaidi kwa kufuata mfano wa Gede, magofu ya mji mwingine wa kale karibu na Malindi, ambako tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo umewawezesha wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa zao (vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda) ng'ambo, hivyo msitu ukawa na thamani kwao ukiwa umesimama.

Nendeni asubuhi, mchukue maji, na mumlipe mtembeza wageni badala ya kuzunguka peke yenu, kwa sababu bila maelezo yake nyumba zote hufanana. Watoto wasipande juu ya kuta. Chokaa yake ni ya kale na haivumilii uzito.